INI, MBWA NA KISU CHA MCHINJAJI

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa Karatu na Ngorongoro)



  Sisi wa Elimu ya Watu Wazima tumefurahi kuzungumza nanyi, ninyi mliomaliza kisomo na sasa mnashika gazeti na kulisoma wenyewe bila kumtafuta mtoto wa shule awasomee.

Tuanze kwa kuulizana. Ni nani kati yetu aliyepata kuchinja kondoo, mbuzi au ng'ombe, akapasua tumbo, akakuta ini lina vifuko vimejaa maji? Wengi mmeona. Kifuko kimoja huwa kama punje ya hindi, kingine kama yai la kuku, na kingine kikubwa kuliko hivyo. Ukikigusa kwa ncha ya kisu, maji huruka. Basi mchinjaji hufanya nini? Aghalabu hukata kile kipande kibaya akamtupia mbwa. Mbwa amekaa hapo tangu asubuhi akingoja, naye hukidaka kabla hakijafika chini. Kila mtu huona ni sawa. Nyama mbaya imeondoka, mbwa amekula, hakuna kilichopotea.

Ndugu zetu, hapo ndipo ugonjwa unapopata njia. Kipande kile tunachomtupia mbwa leo kinaweza kuturudia kesho, kikaingia katika ini la mtoto wetu. Leo tutaeleza kinavyorudi, mwili unavyopigana nacho, na jinsi tunavyoweza kukizuia.

INI NI LANGO LA DAMU

Ini la mtu liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Linafanana na ini la mbuzi tunalolijua, ila ni kubwa zaidi. La mtu mzima huwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi.

Kazi yake ni nini? Mnaijua barabara itokayo Karatu kupanda kwenda Kreta. Magari yote yaendayo huko hupita lango la Lodoare. Pale husimama na kukaguliwa, kisha yakaruhusiwa. Damu yetu nayo ina lango. Damu yote itokayo matumboni, iliyobeba chakula tulichokula, hupita kwanza katika ini kabla haijaenda moyoni na kusambaa mwilini.

Hapo langoni ini hufanya kazi nyingi. Sukari iliyozidi huiweka akiba, kisha huitoa mwili unapoihitaji, kama vile mtu anapoamka alfajiri na kuswaga ng'ombe mwendo mrefu bila kula. Sumu, kama ile ya pombe, huivunja. Hutengeneza nyongo ya kusaga mafuta. Hutengeneza pia vitu vinavyoifanya damu igande tunapojikata na panga. Mtu ambaye ini lake limeharibika sana hawezi kuishi.

Tena ini lina ajabu moja. Daktari akilikata sehemu, hata ikiwa zaidi ya nusu, sehemu iliyobaki ikiwa nzima hukua tena mpaka ini likakaribia ukubwa wake wa zamani. Moyo hauwezi hivyo. Ubongo hauwezi hivyo. Ini ni kama mgomba: ukikatwa, huchipua.

ASKARI WA MWILI

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Chembe hizo hazionekani kwa macho matupu. Baadhi yake ni chembe nyeupe za damu, nazo ndizo askari wa mwili.

Askari hao hawafanyi kazi moja. Wako wanaozunguka katika damu kama mgambo wa doria. Wako wengine waliopewa makazi ndani ya ini lenyewe. Hao hawatoki. Hukaa kwenye njia za damu wakimeza vijidudu na takataka zinazopita. Wako tena wanaotengeneza silaha ziitwazo kingamwili. Kila kingamwili hutengenezwa kwa ajili ya adui fulani, kama ufunguo unavyotengenezwa kwa kufuli lake. Chanjo tunazowapeleka watoto kuchomwa huwafundisha askari hawa kumtambua adui mapema.

Na ikiwa adui ni mkubwa, hawezi kumezwa wala kuuawa? Hapo askari huita chembe za ujenzi, wakamjengea ukuta wa kumzunguka ili asienee. Tafadhalini mkumbuke neno hilo ukuta. Tutalirudia.

TEGU MDOGO ALIYE NDANI YA MBWA

Sasa tumtaje adui. Ni aina ya tegu. Msifikiri ni yule tegu mrefu ambaye mtu humpata kwa kula nyama isiyoiva vizuri. Huyu ni mdogo sana, urefu wake hata punje ya mchele humshinda. Makao yake ni utumbo wa mbwa. Mbwa mmoja anaweza kuwa na maelfu ya tegu hao, na bado akawa mnene, akabweka na kulinda boma usiku kucha. Kwa kumtazama tu huwezi kujua.

Mzunguko wake ndio huu. Tuufuate hatua kwa hatua.

Kwanza, tegu hutaga mayai ndani ya mbwa, na mayai hutoka pamoja na kinyesi. Hayaonekani kwa macho. Mengine hubaki kwenye manyoya ya mbwa, kwa sababu mbwa hujilamba nyuma kisha akajilamba mwilini.

Pili, mayai huangukia majani na maji. Jua kali na ukavu huyaua upesi. Lakini penye baridi na unyevu hukaa miezi mingi bila kufa. Nanyi mnajua baridi na ukungu wa nyanda za juu za Ngorongoro.

Tatu, kondoo, mbuzi au ng'ombe hula majani hayo. Yai hupasuka tumboni mwake, na mtoto wa tegu hutoka, akaingia katika damu, akafika katika ini au mapafu. Hapo hujigeuza kifuko cha maji. Ndani ya maji hayo mna kitu kama mchanga mweupe. Huo si mchanga. Ni vichwa vidogo vya tegu, maelfu kwa maelfu.

Nne, tunachinja mnyama. Tunamtupia mbwa ini lenye kifuko. Kila kichwa katika ule mchanga kinaweza kuwa tegu mzima ndani ya mbwa. Baada ya wiki 6 au 7 hivi, tegu hao nao huanza kutaga. Mzunguko umekamilika.

Sasa mtu anaingia wapi? Mtu huingia pale pale anapoingia kondoo, kwa kumeza mayai. Mtoto hucheza na mbwa, kisha akala ugali bila kunawa. Mama huchota maji kwenye dimbwi ambalo mbwa nao hunywa na kuoga. Mboga huliwa mbichi bila kuoshwa vizuri. Mayai yameingia.

Watu huuliza: "Je, mtu akila ini lenye kifuko, ataupata ugonjwa huu?" Jibu ni hapana. Kifuko hakimwambukizi mtu, humwambukiza mbwa. Wala mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Kwa hiyo tusimkimbie mgonjwa, wala tusimtenge. Lakini pia tusiseme, "Mimi nilikitupa kile kibaya, kwa hiyo nimesalimika." Kukitupa ovyo ndiko kunakoleta ugonjwa.

VITA NDANI YA INI

Waganga wa hospitali huuita ugonjwa huu haidatidi. Sisi tutauita ugonjwa wa vifuko vya maji. Tutazame vita yenyewe inavyopiganwa mwilini.

Yai likipasuka utumboni, mtoto wa tegu hutoka akiwa na vijindoano 6. Kwa vijindoano hivyo hutoboa ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Damu ya utumboni huenda wapi? Tumekwisha kusema: langoni, kwenye ini. Ndiyo maana katika wagonjwa wengi kifuko huonekana katika ini. Ukichukua wagonjwa 10, kama 7 watakuwa na kifuko katika ini. Wanaopenya lango hilo hunaswa mara nyingi katika mapafu. Wachache hufika bandama, figo, mifupa, hata ubongo.

Askari wa mwili hawalali. Humvamia mgeni huyo tangu siku za kwanza, na watoto wengi wa tegu hufa hapo. Lakini anayeokoka ana hila. Hujizungushia ganda lenye matabaka, na askari hawawezi kulipenya. Tena hutoa vitu vinavyowatuliza askari, wakapunguza hasira. Ni kama mwizi anayewatupia mbwa wa boma mfupa ili wanyamaze.

Askari wakiona wameshindwa, hujenga. Nje ya lile ganda mwili huweka ukuta mgumu, kama kovu. Kwa hiyo kifuko kina ukuta mara mbili: wa ndani ni wa mdudu, wa nje ni wetu wenyewe. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa mithali hiyo inatimia ndani ya mwili wa mtu. Ufa haukuzibwa pale machinjioni, sasa mwili unajenga ukuta katika ini.

Ukuta huo husaidia, lakini kifuko huendelea kukua polepole, mwaka baada ya mwaka. Mtoto anaweza kuambukizwa akiwa anajifunza kutembea, akaanza kuumwa akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Ndiyo sababu watu hawaunganishi ugonjwa huu na mbwa. Mbwa yule alikwisha kufa zamani, hata jina lake limesahauliwa.

KWETU UGONJWA HUU UPO?

Upo, tena umechunguzwa. Mwaka 1989 wataalamu walichapisha taarifa ya uchunguzi wao juu ya ugonjwa huu kwa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao, walikuja wilaya ya Ngorongoro. Walikagua wanyama waliochinjwa. Taarifa yao ya mwaka 2009 ilisema hivi: katika kila ng'ombe 100 waliokaguliwa, karibu 49 walikuwa na vifuko. Katika kila kondoo 100, karibu 64. Katika kila mbuzi 100, karibu 35. Hebu tuzitazame hesabu hizo. Kondoo wenye vifuko walikuwa wengi kuliko wazima!

Wataalamu hao walifunua pia kumbukumbu za wagonjwa katika wilaya hiyo, tangu mwaka 1990 mpaka 2003, wakakuta watu waliotibiwa kwa ugonjwa huu. Kwa hiyo si hadithi ya nchi za mbali.

Sisi wa Karatu tusijidanganye kwamba ni mambo ya Wamaasai tu. Wairaqw wanafuga. Wadatoga wanafuga. Mbuzi wa mnada hawana mpaka wa wilaya, na mbwa hasomi kibao cha barabarani. Palipo na mbwa, kondoo na uchinjaji wa nyumbani, mzunguko huu unaweza kuwapo.

Jirani zetu wa Kenya wana habari kubwa zaidi. Watu wa Turkana waliugua ugonjwa huu kuliko karibu watu wote waliopata kuchunguzwa duniani. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza huko mpango wa kuuzuia. Waganga walichukua mashine ya altrasaundi, ile inayoonyesha ndani ya tumbo bila kupasua, wakaipeleka mpaka kwenye makazi ya wafugaji. Watu waliojiona wazima walipopimwa, baadhi yao walikutwa na vifuko. Dunia nzima ilijifunza kutokana na kazi hiyo.

KITABU KIDOGO KILICHOSHINDA UGONJWA

Sasa tuwape habari ambayo wanakisomo wataipenda. Huko kaskazini ya mbali, katika bahari ya baridi, kuna kisiwa kiitwacho Isilandi. Watu wa kisiwa hicho walikuwa wafugaji wa kondoo, na kila nyumba ilikuwa na mbwa. Zaidi ya miaka 150 iliyopita walikuwa wakiugua sana ugonjwa huu huu wa vifuko vya maji katika ini.

Mwaka 1863 alikuja mtaalamu kutoka Denmaki, jina lake Harald Krabbe. Alipasua mbwa 100 akawachunguza. Katika hao, 28 walikuwa na tegu huyu. Alipoona hivyo aliandika kitabu kidogo, chenye maneno mepesi, kueleza mzunguko wa tegu na jinsi ya kuukata. Kitabu kikatolewa mwaka 1864 kwa lugha ya wenyeji, kikagawiwa bure nyumba kwa nyumba. Mwaka 1869 ikatungwa sheria juu ya mbwa na juu ya kuharibu vifuko.

Watu wa Isilandi walikuwa wanajua kusoma. Jioni, wakati wa baridi, walikuwa na desturi ya kukaa pamoja mmoja akiwasomea wenzake. Basi wakakisoma kile kitabu. Wakaacha kuwapa mbwa vifuko. Vizazi vilivyozaliwa baada ya hapo vikawa na wagonjwa wachache mno, na leo ugonjwa huo umekwisha kabisa kisiwani.

Angalieni, ndugu zetu. Wakati ule hapakuwa na altrasaundi. Hapakuwa na dawa ya uhakika ya tegu wa mbwa. Walichokuwa nacho ni maarifa, sheria na umoja. Nasi tunayo historia ya namna hiyo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazazi wetu walikaa katika vikundi vya redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakachukua majembe na kuchimba vyoo. Kusoma kukawa shimo la choo. Na leo kusoma kwetu kunaweza kuwa shimo la kufukia vifuko.

DALILI NA MATIBABU

Kifuko kidogo hakiumi. Kikikua katika ini, mtu husikia uzito au maumivu chini ya mbavu za kulia. Tumbo hujaa. Wengine hutapika, au macho huwa ya manjano kifuko kinapoziba njia ya nyongo. Kikiwa katika mapafu, huleta kikohozi na maumivu ya kifua.

Dalili hizi zinafanana na za magonjwa mengine. Kifua kikuu huleta kikohozi. Bandama huvimba kwa malaria. Mimba pia hukuza tumbo! Kwa hiyo tusikisie. Twende zahanati, tueleze, na tukipewa barua ya kwenda hospitali yenye altrasaundi, tuende.

Jambo moja tunalisisitiza. Tumbo lililovimba lisitobolewe, lisichanjwe kwa wembe, wala lisikandwe kwa nguvu. Kifuko kikipasuka ndani, maji yake humwagika tumboni. Askari wa mwili, ambao miaka yote hiyo walizuiwa na ukuta, hukutana nayo kwa ghafula na kufanya fujo kubwa. Mtu huvimba, hukosa pumzi, huishiwa nguvu, na anaweza kufa mara moja. Akipona, ule mchanga uliomwagika unaweza kuota vifuko vipya vingi. Akina baba na akina mama, heri kuchelewa siku mbili njiani kwenda hospitali kuliko kutoboa nyumbani kwa dakika mbili.

Hospitalini daktari hupima kwanza. Vifuko vingine huhitaji upasuaji. Vingine hunyonywa maji kwa sindano, kazi ambayo hufanywa na mtaalamu anayeona kwa mashine, naye huwa tayari na dawa. Vingine hutibiwa kwa vidonge vya albendazoli kwa miezi, chini ya uangalizi. Na vingine vilivyokwisha kufa huachwa na kutazamwa tu. Wengi wetu tunakijua kidonge cha albendazoli wanachopewa watoto shuleni. Kidonge kimoja kile ni cha minyoo ya tumboni. Hakiponyi kifuko katika ini. Tusikinunue dukani tukajitibu wenyewe.

WATAALAMU WANATAFUTA NINI?

Wengine husema, "Wataalamu hao kila siku wanachukua damu, faida yake iko wapi?" Ni swali la haki, na lina jibu.

Faida moja ni chanjo. Huko Australia na New Zealand wataalamu waligundua sehemu moja ya mtoto wa tegu ambayo askari wa mwili wakioneshwa mapema humwua kabla hajajenga ganda. Mwaka 1996 walieleza chanjo waliyoitengeneza, iitwayo EG95. Hiyo ni ya mifugo, kama kondoo. Kondoo aliyechanjwa hutengeneza kingamwili, naye hulindwa sana na vifuko. Binadamu bado hana chanjo yake.

Jambo jingine ni ini lenyewe. Kwa kuwa ini hukua tena, wataalamu katika maabara kubwa za dunia wanajifunza kuotesha chembe za ini katika vyombo, kama sisi tunavyootesha miche ya kahawa kitaluni kabla ya kuipeleka shambani. Wamefaulu kupata vipande vidogo vya kujaribia dawa, ili dawa ijulikane kama ina madhara kabla mtu hajaimeza. Lakini kuotesha ini zima, likawekwa ndani ya mtu badala ya lililoharibika, bado hawajaweza. Kwa hiyo ini ulilo nalo ndilo hilo hilo. Hakuna duka la spea.

TUFANYE NINI VIJIJINI KWETU?

Hatusemi mbwa wauawe. Nani atabweka fisi na chui wakija bomani? Tunasema mzunguko ukatwe. Ukiukata mahali pamoja tu, tegu hana pa kupita.

1. Wakati wa kuchinja, iwe nyumbani, kwenye sherehe au kule porini vijana wanapokwenda kula nyama, mbwa wafungwe mbali mpaka kazi iishe.

2. Ini, pafu au kiungo chochote chenye kifuko kisitupwe kwa mbwa, wala kisiachwe porini. Kichomwe mpaka kiwe majivu, au kifukiwe katika shimo refu, na juu yake yawekwe mawe ili mbwa na fisi wasifukue. Ukitaka kumpa mbwa matumbo, yachemshe kwanza zaidi ya nusu saa.

3. Mzoga wa kondoo au mbuzi aliyekufa usiachiwe mbwa. Nao ufukiwe au uchomwe.

4. Mbwa wapewe dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli, angalau mara 4 kwa mwaka. Tumwulize bwana mifugo. Siku wanapokusanywa mbwa kuchanjwa kichaa, ndiyo siku nzuri ya kuuliza habari ya dawa hii. Mbwa aliyepewa dawa afungwe kwa siku mbili, na kinyesi chake kifukiwe au kichomwe, maana dawa huua tegu lakini haiui mayai.

5. Tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na baada ya kumshika mbwa. Pasipo sabuni, majivu yafaa. Watoto wasilambwe usoni na mbwa. Mbwa asilambe sufuria wala kibuyu.

6. Maji ya dimbwi na kisima yazungushiwe miiba ili mbwa wasiingie, na ya kunywa yachemshwe. Mboga zioshwe kwa maji safi.

7. Tusifuge mbwa kuliko mahitaji. Mbwa wasio na mwenyewe ni mbwa wasio na dawa.

Mtasema, sabuni ni fedha, dawa ni fedha, na kuni za kuchemshia maji zinatafutwa mbali. Ni kweli, wala hatudharau shida hiyo. Lakini shimo halina bei. Jembe lipo, na mikono ipo. Anayeanza na shimo peke yake amekwisha kuanza.

Shida kubwa ni nyingine. Mtu mmoja akifukia na jirani yake akatupa, mbwa wa jirani atakuja kunya uwanjani kwa yule aliyefukia. Jambo hili haliwezi kuwa la nyumba moja. Linahitaji mkutano wa kijiji. Kijiji kinaweza kukubaliana: hakuna kuchinja bila shimo, hakuna mbwa machinjioni. Hata watoto watakuwa walinzi wa agizo hilo, maana mtoto akielezwa sababu hukumbuka kuliko mkubwa.

Ndugu wanakisomo, kazi yenu ni hii. Gazeti hili mkilimaliza, msilifungie chumvi. Msomee mchinjaji mmoja, mama mmoja na mchungaji mmoja ambao hawakusoma. Kisha jembe litafutwe, shimo lichimbwe kabla ya mnyama mwingine kuangushwa.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini damu itokayo utumboni hupita kwanza katika ini?

2. Kifuko cha maji kina kuta mbili. Upi umejengwa na mdudu, na upi umejengwa na mwili?

3. Mtu akila ini lenye kifuko haupati ugonjwa. Basi kwa nini kifuko hicho ni hatari kwa kijiji?

4. Kijijini kwenu, mnyama akichinjwa, matumbo na viungo vibaya hupelekwa wapi? Nani ana kazi ya kuvishughulikia?

5. Wilaya hii ingefuata mfano wa Isilandi, ni jambo gani lingekuwa rahisi kwetu, na lipi lingekuwa gumu? Mtaanza na lipi, na lini?